Msumeno wa umeme uliozeeka: mwongozo kamili wa kuugeuza kuwa meza ya useremala ya kazi nyingi

Karakana nyingi zina msumeno wa umeme wa duara uliostaafu. Mpini umepasuka, waya umezungushiwa tepu, kinga ya chini haijirudishi tena, na hakuna anayeuamini mkononi. Mota yake bado inavuta. Ukiutundika chini ya meza, bleidi ikachomoza juu, unapata mashine ya kupasua mbao, kukata vichwa kwa skwea, kuchimba mifereji ya vitako vya droo, kutoa rebeti (ngazi za ukingoni) za fremu na kuchonga ndimi za viungo. Sizungumzii chenso ya kuangushia miti. Hiyo iache msituni. Nazungumzia ule wa bleidi ya inchi saba na robo, yaani milimita 184 au 185, ambao ndio umejaa madukani na kwenye mitumba.

Wengi wanaojaribu kazi hii hutumia pesa na akili yote kwenye msumeno, halafu wanapigilia kibao chochote kama reli ya kuongozea mbao na kuanza kupasua. Matokeo yake ni mbao zilizoungua pembeni, vipimo vya mshazari, na siku moja kipande kinachorushwa tumboni. Kwangu mimi msumeno ni mota tu. Usahihi na usalama viko kwenye meza, reli na swichi, na huko ndiko nitakaa zaidi.

Hatua ya 1: Ukague msumeno kwanza

Anza na kibati cha maelezo. Misumeno mingi ya mitumba kutoka Uingereza ni ya volti 110, ile yenye plagi ya njano ya kwenye maeneo ya ujenzi, na ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 au 240 bila transfoma, unaichoma. Tofauti ya hezi 50 na 60 isikusumbue, kwa sababu mota hizi za kaboni hazijali.

Chomoa plagi, fungua bleidi, kisha shika shafti uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha, na hiyo ni ya kubadilisha kabla ya jambo lingine lolote. Toa kaboni zote mbili, vile vijiti vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye mota, uzitazame. Zikibaki chini ya milimita 6, weka mpya, na ubadilishe zote mbili kwa pamoja. Rudisha kaboni, washa msumeno bila bleidi, chungulia kwenye matundu ya hewa. Cheche ndogo za buluu ni za kawaida. Ukiona pete ya moto inazunguka amecha nzima (sehemu ya mota inayozunguka), simama hapo, umpelekee fundi wa mota aseme bei kabla hujakata plaiwudi.

Mwisho, weka rula ya chuma kwenye sahani ya chini, ile inayoteleza juu ya mbao. Sahani iliyopinda itakutesa hadi mwisho. Ya bati unaweza kuinyoosha kwa nyundo taratibu juu ya chuma bapa. Ya kumimina usiigonge, itapasuka.

Hatua ya 2: Bleidi

Nunua bleidi mpya yenye meno ya kabaidi. Meno 24 ni ya kupasua kufuata nyuzi, 60 ni ya plaiwudi na kukata vichwa kwa usafi, na kama pesa inatosha moja tu, chukua 40. Kuna vitu viwili vya kulinganisha kabla ya kulipa. Tundu la katikati liingie kwenye shafti yako bila kucheza (kuna la milimita 16, 20 na 30, na pete za kupunguzia zinauzwa), na mzunguko wa juu ulioandikwa kwenye bleidi uzidi ule wa msumeno.

Fikiria mwendo wenyewe. Bleidi ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda zaidi ya mita 48 kwa sekunde, karibu kilomita 174 kwa saa. Ndiyo maana bleidi iliyopinda au iliyopoteza jino haina nafasi hapa. Wala usibebanishe bleidi mbili pamoja ili upate mfereji mpana. Shafti ya msumeno wa mkono ni fupi na nati haitashika ipasavyo.

Hatua ya 3: Uso wa meza

Chukua plaiwudi nzuri ya milimita 18, ya tabaka nyingi, iliyonyooka. MDF na chipbodi (mbao za unga na chembe zilizobanwa) ziache, maana tutachimba sehemu ya sahani na zitavunjika hapo. Karatasi ya plaiwudi ni futi 4 kwa 8. Kipande cha milimita 1220 kwa 760 kinatosha, na kinakupa nafasi ya kuweka bleidi mahali ambapo upande wa kulia unabaki na milimita 610 hivi. Hapo utaweza kuipasua karatasi nzima katikati.

Kabla ya kuchimba, fanya hesabu ya kina. Msumeno wa ukubwa huu kwa kawaida hukata milimita 65 hivi. Ukiufunga chini ya plaiwudi ya 18, unabaki na 47, na mbao ya inchi mbili inakushinda kwa milimita tatu. Kwa hiyo tunachimba. Laza plaiwudi kifudifudi, weka msumeno juu yake bila bleidi, chora sahani yake kwa penseli, kisha chimba eneo hilo kwa ruta (mashine ya kuchimbia mifereji) au kwa patasi hadi ibaki milimita 8. Sasa una kina cha 57, na mbao ya mbili kwa nne inapita.

Upande wa kugeuzia ndio unaowachanganya watu. Unapoukata nao mkononi, meno ya mbele yanapanda kuelekea sahani. Ukiugeuza chini ya meza, meno hayo hayo yanashuka kuelekea uso wa meza. Basi sehemu ya mbele ya msumeno lazima imwelekee yule anayesukuma mbao. Hapo meno yanaibana mbao mezani. Ukigeuza kinyume, bleidi itakunyang'anya mbao mkononi na kuitupa mbele, na vidole vyako vitaifuata. Chora mshale mkubwa juu ya meza, asikosee hata mwanafunzi wako.

Toboa sahani matundu manne ya milimita 8, mbali na mbavu zake. Kwenye plaiwudi toboa ya milimita 6 na uyapanue juu ili vichwa vya bolti vizame chini ya uso. Tofauti hiyo ya milimita 2 ndiyo itakayokuruhusu kusogeza msumeno wakati wa kuunyoosha. Tumia washa pana na nati za kujifunga, zisije zikalegea kwa mtetemo.

Hatua ya 4: Kukata mlango wa bleidi

Wengine husimamisha meza kisha wanapandisha bleidi kutoka chini huku wameishika kwa magoti. Usifanye hivyo. Acha plaiwudi ikiwa kifudifudi juu ya mbuzi wawili wa mbao (stendi za seremala), uifunge kwa klempu, na msumeno ukiwa umeshafungwa kwa bolti, umekaa wima kama siku zote. Plagi ikiwa nje, rudisha kina hadi sifuri, weka bleidi, na uifunge kinga ya chini ikiwa imefunguka, kwa waya usioweza kufika kwenye bleidi. Hakikisha hakuna mbao ya mbuzi wala klempu chini ya njia ya bleidi. Kisha shika mpini, washa, uishushe bleidi polepole hadi itoboe upande wa pili. Subiri isimame kabisa ndipo uinue mkono.

Mlango unaotoka ni mwembamba kama bleidi yenyewe, na huo ni utajiri. Nyuzi za chini ya mbao zinashikiliwa hadi jinoni, kwa hiyo plaiwudi haichaniki. Kwa sababu hiyo sishauri kulaza bleidi kwa nyuzi 45 kwenye meza hii, maana utaupanua mlango na faida inapotea. Kona za mshazari tutazipata kwa sledi, kibao cha kuteleza juu ya meza tutakachotengeneza katika Hatua ya 9.

Hatua ya 5: Miguu

Mbao za mbili kwa nne, paini ya kawaida inatosha, sentimita 85 kutoka sakafuni hadi juu, au usawa wa kiuno chako. Weka mbao za kukingama chini na juu, na mguu mmoja uwe na bolti ya kusawazishia, kwani sakafu za karakana zetu tunazijua. Upande wa nyuma uache wazi vumbi lidondoke.

Hatua ya 6: Swichi

Hapa usibane matumizi. Kitufe cha msumeno sasa kiko chini ya meza na kitabaki kimefungwa kwenye hali ya kuwaka. Ukitumia swichi ya kawaida ya ukutani, umeme ukikatika katikati ya kazi, wewe utakwenda zako kunywa chai, na utakaporudi, mashine itajiwasha yenyewe huku mtoto ameegemea meza. Tafuta swichi ya mashine yenye kitufe cha kijani na chekundu, ile inayojiachia umeme ukikatika na kungoja ibonyezwe tena. Iwe ya ampea zinazozidi za msumeno wako, na uifunge mbele ya meza mahali goti linafika, ili uzime bila kuachia mbao.

Nyaya azifunge fundi umeme. Mwambie unataka breka ya RCD (ile inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 kwenye laini hiyo. Waya wa kurefushia uwe wa milimita 2.5 za mraba, ukunjuliwe wote kutoka kwenye roli yake, kwani uliojiviringisha hupata joto ndani kwa ndani. Ukichagua miguu ya chuma badala ya mbao, iunganishwe na erthi.

Hatua ya 7: Mfereji na reli

Upande wa kushoto wa bleidi, sentimita 12 hivi kutoka kwake, chimba mfereji wa upana wa milimita 20 na kina cha 8, kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Uuchimbe kwa ruta inayofuata mbao iliyonyooka. Mfereji huu ndio kipimo cha kila kitu kitakachofuata.

Sasa nyoosha msumeno. Chomoa plagi. Tia alama ya kalamu kwenye jino moja. Kata kibao kinachoingia kwenye mfereji bila kucheza, ukifunge kwa gundi chini ya kipande kingine cha mbao, na ubavuni mwa kipande hicho uzamishe skrubu inayoelekea kwenye bleidi. Zungusha bleidi kwa mkono hadi jino lenye alama liwe mbele, kisha toa skrubu kidogo kidogo hadi jino likwaruze kichwa chake. Utasikia mlio mwembamba wa "tsss". Sogeza kibao nyuma, zungusha jino lile lile hadi nyuma, usikilize tena. Mlio ukiwa ule ule, bleidi imelingana na mfereji. Jino likigonga kwa nguvu, au lisipolia kabisa, legeza bolti tatu, acha ya nne iwe egemeo, na uugonge msumeno kidogo kwa nyundo ya mbao. Rudia. Tunatumia jino lile lile kwa sababu hata bleidi mpya huyumba kidogo, na ukipima kwa meno mawili tofauti utakuwa unapima myumbo badala ya mwelekeo.

Kazi hii inachosha na hakuna njia ya mkato. Ukiiruka, mbao zote utakazopasua zitakuwa na alama nyeusi za kuungua.

Reli itengeneze kwa bomba la chuma la mraba la milimita 50 kwa 50, au mbao ya mninga iliyokauka na kupigwa randa pande zote. Mbele iwe na kichwa kama herufi T kinachoteleza kwenye ukingo wa meza, na klempu kila mwisho. Tepu za kupimia zenye kulabu inayocheza usiziamini hapa. Pima kutoka mfereji hadi reli kwa rula ya chuma, mbele na nyuma. Mwisho wa nyuma ukiwa mbali na bleidi kwa unene wa karatasi, sawa. Ukiwa karibu zaidi kuliko wa mbele, usiwashe.

Hatua ya 8: Kisu cha nyuma na kinga

Mbao iliyopasuliwa hupenda kujibana nyuma ya bleidi, hasa paini changa iliyokaushwa haraka. Ikibana, meno ya nyuma yanayopanda yanaiinua na kuirusha kwako. Dawa ni kisu cha chuma kilichosimama nyuma ya bleidi, kwenye mstari wake. Unene wake uwe katikati ya unene wa sahani ya bleidi na upana wa mkato. Bleidi yenye sahani ya milimita 1.6 na mkato wa 2.4 inahitaji kisu cha milimita 2. Kifunge chini ya meza kwa kibano chenye tundu refu ili ukisogeze ukibadilisha kina, kikae milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno, na kilele chake kiwe chini kidogo ya jino la juu.

Juu ya kisu hicho funga kinga ya plastiki ngumu inayoonyesha, pana kuliko bleidi. Kinga ya awali ya msumeno umeifunga, kwa hiyo hii ndiyo iliyobaki kati ya bleidi na mkono.

Hatua ya 9: Sledi

Kitu kinachoifanya meza hii iwe ya kazi nyingi ni sledi. Plaiwudi ya milimita 12, sentimita 60 kwa 45, chini yake ubao mwembamba wa mninga unaoteleza kwenye mfereji, juu yake kuta mbili, moja mbele na moja nyuma. Kuta ziwe nene na ndefu kiasi cha kuishikilia plaiwudi isiachane baada ya bleidi kupita. Nyuma ya ukuta ulio upande wako gundisha gogo la mbao mahali bleidi inapotokea, ili kidole gumba kisikutane nayo.

Ukuta huo ufunge mwisho mmoja kwa skrubu moja kwanza, mwisho mwingine kwa klempu, kisha upime skwea hivi. Chukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40. Kata upande mmoja, ugeuze ule uliokatwa uegemee ukuta, kata wa pili, endelea hadi wa nne. Mara ya tano, rudia upande wa kwanza na ukate ukanda mwembamba. Pima upana wa ukanda huo mwisho wa mbele na wa nyuma. Ikiwa tofauti ni milimita 1, gawanya kwa nne: ukuta wako umekosea robo milimita katika sentimita 40. Usogeze, rudia, na tofauti ikishuka chini ya robo milimita funga skrubu zote. Skwea ya dukani haikupi usahihi huu.

Kwa fremu za picha na vioo, tengeneza kipande cha pembetatu chenye nyuzi 45 kinachofungwa ndani ya sledi kwa skrubu mbili.

Kazi zenyewe

Kupasua: reli, kisu cha nyuma, na kijiti cha kusukumia chenye mdomo wa kushika kisigino cha mbao. Jino lichomoze milimita 3 hadi 6 tu juu ya mbao. Uso mzuri utazame juu, tofauti na ulivyozoea ukikata kwa mkono. Simama kando ya mstari wa bleidi. Vipande vyembamba kuliko vidole vinne, mkono haukaribii, kijiti peke yake.

Kukata vichwa: sledi peke yake. Ukiegemeza mwisho wa mbao kwenye reli huku unaikata kwa sledi, kipande kinanaswa kati ya reli na bleidi na kuruka. Ukitaka vipande vingi vya urefu mmoja, funga kizuizi kwenye ukuta wa sledi.

Mifereji ya kitako cha droo: toa kisu, shusha bleidi hadi milimita 6, pitisha mbao, sogeza reli milimita 2, pitisha tena hadi plaiwudi ya vitako iingie kwa kusukumwa na dole gumba.

Rebeti za fremu za milango zinahitaji mikato miwili, wa kwanza mbao ikiwa imelala, wa pili ikiwa imesimama. Panga mkato wa pili ili kijiti kinachotoka kidondoke upande usio na reli.

Ndimi: mbao ya unene wa milimita 50, ulimi wa 16, unatoa 17 kila upande. Weka kina cha 17, kizuizi kwenye mstari wa bega, na upitishe mbao kwenye sledi ukisogea milimita 2 kila mara. Mabaki yanayofanana na chanuo yasafishe kwa patasi. Hapa ndipo utakapoona faida, kwa sababu ndimi za viti sita zinatoka sawa zote, jambo ambalo kwa msumeno wa mkono linahitaji seremala mzoefu na subira.

Miguu ya meza iliyochongoka: funga mguu mshazari juu ya ubao wenye kingo sambamba, ubavu wa ubao uteleze kwenye reli.

Mipaka yake

Msumeno huu ulitengenezwa kwa kazi za dakika chache chache. Ukipasua mvule wa inchi mbili kutwa nzima utaiunguza mota. Kata kwa awamu mbili za kina, uuache uzunguke bila mzigo kidogo ili upoe, na mlio ukishuka punguza kusukuma. Vumbi la mvule na la mninga linawasha pua na koo, kwa hiyo barakoa na miwani ni vya kila siku. Glavu, mikono mirefu, kamba za aproni zinazoning'inia, na kukata bila reli wala sledi, vyote hivyo marufuku.

Kila wiki chomoa plagi, puliza matundu ya mota, maana sasa yanatazama kwenye vumbi. Kaza bolti nne, paka uso wa meza nta ya mshumaa na uusugue kwa kitambaa kikavu, na ujaribu tena ule mlio wa skrubu na jino. Meza ikihamishwa, ujaribu kabla ya kukata chochote.